Mfamasia wa Kabati la Sumu

Watu wanasema mfamasia wetu alituhubiria hatari ya sumu miaka yote, na alipostaafu akaenda kuziuza. Nimeisikia kauli hiyo kwenye korido za hospitali yetu hapa Bariadi, nimeisikia sokoni, na juzi nimeisikia kanisani, tena kwa mama mmoja ambaye mwanawe alipona kwa dawa za mzee huyo huyo. Nilinyamaza kwa sababu ibada ilikuwa inaanza. Lakini mimi si mtu wa kunyamaza muda mrefu, na kwa kuwa nilikuwa muuguzi wa idara ya dharura siku zote alizokuwa pale, acha nimseme kama nimjuavyo.

Tulimwita Mfamasia, kana kwamba hapakuwa na mwingine, ingawa stoo ya dawa ilikuwa na wenzake wazuri tu. Kwao ni wapi sijui vizuri, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia habari za kwao. Kisukuma alikijua cha kuombea maji. "Mwangaluka" yake, ambayo ni salamu ya asubuhi, aliitoa mpaka jua linazama, wagonjwa wakacheka, naye akafurahi kwamba wamecheka. Alikuwa mrefu na mwembamba, goti moja bovu, na koti lake jeupe lilikuwa limelegea upande wa kulia kwa uzito wa funguo.

Funguo zilikuwa za kabati. Lilikuwa kabati la bati, rangi ya kijivu, kwenye kona ya chumba chetu karibu na sinki, na sisi tuliliita kabati la sumu, jina ambalo yeye alilichukia. "Sumu ziko kwenu majumbani," alikuwa akisema. "Humu mna dawa za sumu." Rafu ya juu ilijaa atropini, ile ya walionywa dawa ya kupulizia pamba au kuivuta kwa upepo, na hiyo angalau tuliitumia kila msimu. Rafu za chini zilikuwa na dawa ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzifungua: za sianidi, kwa sababu wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaitumia kusafishia, za madini ya risasi, na nyingine ambazo majina yake nilijifunza kuyatamka kwa kumwogopa tu. Alizipataje sijui. Aliandika barua, alipiga simu Mwanza, alimsumbua kila mtu aliyekuwa anasafiri.

Na huyu mtu aliyekuwa tayari kuvuka mikoa kwa ajili ya kichupa kimoja alikuwa mkono wa birika kwa kila kitu kingine. Ukimwomba glavu alikuuliza, "Sista, zile za asubuhi umekula?" Pamba ya kusafishia vidonda aliikata vipande vidogo kama anagawa nyama ya msiba. Siku moja niliumwa kichwa kazini nikamwomba panadol mbili. Akanipa moja, akaniambia nikanywe maji kwanza, huenda ni kiu. Nilikasirika sana. Nilikunywa maji kwa hasira, na kichwa kikapona, na mpaka leo sijawahi kumwambia kwamba kilipona.

Dawa za kabati zilikuwa zikifika mwisho wa muda wake bila kutumika, na hapo ndipo ugomvi wake na wakubwa ulipokuwa unaanzia. Wakaguzi walipokuja waliandika hoja: dawa zimenunuliwa, hazikutumika, zimeharibika, nani anawajibika? Mfamasia aliitwa ofisini kwa Mganga Mfawidhi kujieleza, na kila alipoitwa alivaa tai. Alikuwa anatoka na tai imelegea, anarudi kabatini, anazitoa zile zilizoisha muda moja moja. Nilitegemea awe na huzuni, lakini hakuwa nayo. "Wananiuliza kwa nini haikutumika," aliniambia mara moja. "Hii ni ya sianidi. Kwa nini nisikitike kwamba hakuna aliyeletwa na sianidi?" Akaifunga kwenye karatasi kwa ajili ya kuteketezwa, akaanza kuandika barua ya kuomba nyingine.

Wakubwa hawakuwa watu wabaya. Fungu la dawa lilikuwa dogo, watoto wa malaria walikuwa wengi, na Mganga Mfawidhi alikuwa na haki ya kuuliza. Alitaka kabati lipunguzwe libaki na atropini peke yake. Mfamasia alimjibu kwa heshima zote, na kwa ukaidi wote, kwamba mtu mwenye sumu isiyo ya kawaida hana muda wa kungoja gari litoke Mwanza. Kila mwaka hilo lilisemwa, na kila mwaka kabati lilibaki, ila hatukuwa na uhakika na mwaka unaofuata.

Sasa niseme habari ya chupa ya pombe, maana watu wanaipenda. Mfamasia alikuwa Msabato wa kweli kweli. Pombe alikuwa haigusi, na hata chai ya rangi aliitazama kwa mashaka. Lakini kuna gongo linalochanganywa na spiriti ya viwandani, na likimpofua mtu, mojawapo ya dawa zake ni pombe kali ya kawaida, anayopewa na daktari kwa kipimo. Kwa hiyo Mfamasia aliitaka chupa ya pombe kabatini. Kununua mwenyewe akashindwa, dini haimruhusu hata kusimama pale kaunta. Akamtuma dereva wa ambulensi, na dereva, mtu asiyefikiri mara mbili, akaenda grosari na ambulensi yenyewe. Wiki nzima mji ulizungumza kwamba hospitali imeishiwa dripu inawapa wagonjwa viroba.

Chupa ikakaa kabatini, kisha ikaanza kupungua. Siku hizo kabati lilikuwa likifungwa kwa kitasa kibovu. Mfamasia alituita wote, madaktari kwa wafagizi, akatupanga mstari akawa ananusa pumzi zetu mmoja mmoja kama mwalimu wa bweni. Hakumpata mtu. Kesho yake alibandika karatasi kwenye chupa: MKOJO, MGONJWA WA KICHOCHO. Haikupungua tena. Nilimwambia, "Mzee, wewe si ndiye unayetuimbia kila siku kwamba chupa iandikwe kilichomo?" Aliona aibu, nikamwona kabisa anaona aibu. Jioni hiyo alinunua kufuli kwa pesa yake akaibandua ile karatasi.

Alitusumbua pia kwa mazoezi. Unakunywa uji, mlango unafunguliwa, Mfamasia anaingia na mdoli aliyeshonewa na mkewe kwa vitambaa vya kanga, anamtupa kitandani. "Huyu ni mchimbaji wa dhahabu, kaanguka ghafla, mwenzake naye kizunguzungu! Haraka!" Na wewe uache uji, uvae glavu (mazoezini alitoa glavu bila maneno), useme unaanza na nini, dawa iko rafu gani, inachanganywaje. Ukikosea hakupigii kelele. Anamfunika mdoli uso kwa shuka, kisha anatoka. Wenzangu walikuwa wakicheka. Mimi yule mdoli aliyefunikwa uso aliniudhi, kwa sababu nilipolala nilikuwa namkumbuka.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mfamasia alikuwa anaogopa wagonjwa. Mtu aliyejua sumu zote hizo hakuweza kumtazama mtu aliyezinywa. Tulipopata mgonjwa wa kweli alikuja mbio na lile goti lake, akafungua kabati, akatoa kinachotakiwa, akakikabidhi kwa mkono uliopinda nyuma huku uso ameuelekeza ukutani. Kisha alikwenda kukaa kwenye benchi nje, pamoja na ndugu wa mgonjwa, na kila mtu aliyetoka alimshika nguo amwulize. Daktari mmoja kijana alimtania kwamba yeye ni kama mpishi asiyekula. Mfamasia hakucheka. Alisema akiona povu la mdomoni anakosa usingizi, na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Ukitaka kujua kwa nini alienda alikoenda baada ya kustaafu, lazima nieleze namna dawa zinavyonunuliwa kwetu. Mkulima mwenye ng'ombe wachache, au ekari mbili za pamba, hawezi kununua kopo zima la dawa, na hana haja nalo. Anakwenda mnadani na chupa tupu, ya soda au ya maji, na mwenye duka anampimia kiasi anachotaka. Anafika nyumbani anaichomeka kwenye nyasi za paa au nyuma ya mlango. Haina jina, na rangi yake ni kama maziwa au kama maji ya mchele. Kisha anatokea mtu mwenye kiu.

Kwa hiyo mgonjwa alipofikishwa kwetu swali la kwanza la Mfamasia lilikuwa moja tu: kanywa nini? Na jibu lilikuwa moja tu: hatujui. Ndugu waliitupa chupa chooni kwa hofu ya polisi, au waliificha ili majirani wasiseme mtu wao kataka kujiua, au walisema ni tumbo tu, au amerogwa. Mfamasia alichoka na majibu hayo. Akaazima kipaza sauti, akawa anakwenda minadani siku zake za mapumziko, Sapiwi, Mwamapalala, popote palipo na mkusanyiko, anapanda juu ya gunia anasema kwa Kiswahili chake cha polepole, na kijana wa pale anatafsiri kwa Kisukuma: "Mtu akinywa dawa, msiogope. Hatuiti polisi kwanza, tunatibu kwanza. Leteni mgonjwa, na leteni chupa." Watu walimsikiliza vizuri, kwa sababu alikuwa anachekesha bila kujua.

Ndipo akaletwa Minza.

Minza alikuwa mke kijana wa Mwamapalala. Alitoka kuteka maji adhuhuri, akakuta chupa ya maji ya dukani nyuma ya mlango, akanywa mafunda kadhaa kabla ladha haijamshtua. Mumewe alikuwa amepeleka ng'ombe mbali. Aliyemuokota ni mama mkwe wake, na waliomleta ni kikundi cha vijana wa kulima waliokuwa shamba la jirani, pamoja na kiongozi wao, ambaye Wasukuma tunamwita nsumba ntale. Walimpakia kwenye pikapu iliyokuwa imebeba mbegu, wakaja wote, majembe wakiyaacha palepale.

Alikuwa hajitambui, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, moyo unapiga polepole, anapumua kwa kusahau sahau. Daktari wa zamu alidhani ni dawa ya pamba, na mimi nilidhani hivyo, na Mfamasia huko ukutani alidhani hivyo akatoa atropini. Tukampa. Moyo ukapanda kidogo, lakini yeye hakuamka. Na mwili wake ulikuwa mkavu, wakati wale wa dawa ya pamba huwa wamelowa jasho na mate. Daktari akasema, "Hii siyo. Mfamasia, hii ni kitu kingine."

Mfamasia akatoka nje akamkuta mama mkwe. Mama yule akafungua fundo la kanga kwa mikono miwili, akatoa chupa. Alikuwa ameisikia ile habari mnadani, na alijivunia kwamba ameitii. Chupa iling'aa. Alikuwa ameisugua kwa sabuni na majivu, ndani na nje, akaisuuza, akaikausha na kanga yake.

"Mama, umeiosha?" Mfamasia akauliza.

"Nimeiosha, baba," akasema. "Nikuletee, daktari, chombo kichafu?"

Kwetu hurudishi chombo cha watu kichafu, wala hupeleki chombo kichafu kwa mtu unayemheshimu. Mama alifanya alichofundishwa tangu utotoni. Mfamasia aliinusa ile chupa, akanusa tena. Nilisimama mlangoni nikijua kwamba sasa atafoka, maana mimi ningefoka. Akainamisha kichwa akamwambia, "Wabeja, mayu," asante mama, na safari hiyo alilitamka vizuri. Kisha alizunguka nyuma ya jengo, na nilipomfuata nilimkuta ameegemea ukuta anapigapiga bati la tangi la maji kwa kiganja, taratibu, analia.

"Nimewaambia walete chupa," alisema. "Na hata asingeiosha, Sista, ningesoma nini? Ni chupa ya maji ya kunywa."

Tulimpata mumewe kwa simu ya jirani baada ya kuhangaika sana. Alisema ni dawa ya kupe, ya kuogeshea ng'ombe, alipimiwa mnadani. Mfamasia aliuliza inafananaje, inanukaje, kopo la muuzaji lilikuwa rangi gani, na mwisho akaitambua. Akarudi ndani. Sisi wote tukamtazama, tukatazama na kabati, tukingoja aseme rafu ya ngapi.

"Haimo," alisema. "Hii haina dawa yake. Si kwamba sijanunua, haipo popote. Dawa yake ni apumulishwe mpaka sumu imtoke mwenyewe."

Mashine ya kupumulishia ilikuwa moja, na ilikuwa kwa mtu wa ajali ya pikipiki ambaye naye alikuwa hajiwezi. Daktari alimpitishia Minza mpira kooni, akafunga ule mfuko wa hewa tunaouita ambu, ambao unauminya kwa mkono na hewa inaingia kifuani. Mtu mmoja akiuminya kwa muda mkono unakufa ganzi, na sisi wauguzi tulikuwa wachache, na wagonjwa wengine walikuwa wanaingia. Nsumba ntale alikuwa mlangoni akitazama. Akasema, "Sisi tumezoea kazi ya kupokezana. Tuonyesheni."

Tukawaonyesha. Wakajipanga kama wanavyojipanga shambani, mmoja akichoka anampa mwenzake bila kusimamisha kazi. Nsumba ntale akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, wimbo wa jembe, na wote wakaufuata. Na mkono ukaufuata wimbo. Daktari aligeuka ameshtuka: "Haraka mno! Mnamjaza upepo!" Walijaribu kupunguza, lakini wimbo wa jembe haupungui. Mwili wa mkulima ukishausikia unakwenda wenyewe. Walipunguza kidogo, ukawapandisha tena. Mimi nilitaka kuwatoa wote nje.

Mfamasia ndiye aliyeuliza. "Hakuna wimbo wenu wa polepole?"

Vijana wakatazamana. Wote walizijua nyimbo za kulima na za ngoma, na hizo ni za kushindana, hazina upole. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa chini karibu na miguu ya Minza, akaanza kuimba ya kubembelezea mtoto. Akaimba mstari mmoja, akavuta pumzi, akaimba mwingine. Daktari akatazama kifua cha Minza akasema, "Hiyo. Shikeni hiyo hiyo." Basi vijana wale wa jembe, wenye mikono kama magogo, wakaimba wimbo wa kulaza watoto, na wawili watatu walikuwa wanaona haya, na mmoja alikuwa anafuta machozi kwa bega. Waliuimba mchana ule, na usiku, na asubuhi yake.

Alfajiri vijana walipozidiwa, Mfamasia alivua koti akaomba zamu. Hakuwahi kumgusa mgonjwa mbele yangu. Alisimama kichwani kwa Minza, akafumba macho kabisa, akawa anaminya huku midomo inafuata maneno ya Kisukuma asiyoyaelewa. Hakuyafungua macho mpaka alipopokewa.

Minza aliamka siku ya pili. Mpira ulipotolewa, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama ng'ombe wamenyweshwa maji. Mama mkwe akacheka na kulia, akampiga kofi la mguu. Nimeona mengi katika kazi hii, na furaha kama ile nimeionja mara chache.

Mganga Mfawidhi alifika akamtania Mfamasia: "Kabati lote lile, na aliyetibu ni bibi na wimbo." Nilidhani watagombana. Mfamasia alikubali. Alimwomba sehemu ya fungu la kabati lake inunue mifuko ya hewa, na akatutaka tufundishe ndugu wa wagonjwa pale mlangoni jinsi ya kuiminya, tuwaambie waminye wanapovuta pumzi zao wenyewe. Minadani aliongeza neno moja: "Leteni chupa, msiioshe!" Watoto walimfuata nyuma wakipiga kelele "Msiioshe!" mpaka likawa jina lake mitaani. Lakini mimi niliyekaa naye nilijua kwamba lile jambo la nyuma ya tangi halikumtoka. Alikuwa anafungua kabati, analitazama, analifunga. "Kila kitu humu kinaanza mtu akishameza," aliniambia. Kisha muda wake ukafika, tukamfanyia sherehe ya soda, akamkabidhi funguo mfamasia kijana ambaye, nashukuru Mungu, naye ni mkaidi.

Halafu ndiyo ukaja uvumi: Mfamasia kafungua duka la pembejeo Mwandoya, anauza dawa za pamba na za kupe. Nitasema ukweli, niliumia. Nilijua pensheni haitoshi mtu, lakini niliona kama ametucheka. Nilipokwenda Mwandoya kwenye harusi ya binamu yangu, asubuhi ya kurudi nilipita sokoni nimtafute, na moyoni nilikuwa nimeshapanga maneno.

Duka lilikuwa dogo, lenye rafu za mbao, na makopo yaliyofungwa yakiwa yamepangwa majina yakitazama mbele. Yeye alikaa nje kwenye kigoda, amekonda, goti amelifunga kitambaa. Karibu na miguu yake palikuwa na kopo la rangi nyekundu na brashi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Sista! Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kukuuliza. Bariadi wanasema unauza sumu."

"Nauza," akasema. "Kaa."

Sikukaa. Kabla sijaanza maneno yangu alifika mzee mmoja mkulima na chupa ya maji mkononi, akataka apimiwe dawa ya kupe. Mfamasia akamwambia yeye hapimi, anauza kopo zima lenye maandishi yake. Mkulima akasema ng'ombe wake ni wanne tu, kopo zima alipeleke wapi? Akavuka barabara kwenda duka la jirani. Tukamwona anapimiwa kwa faneli, anafunga kizibo, anaondoka.

"Baba!" Mfamasia akaita. "Njoo na chupa yako."

Mkulima akaja, ana wasiwasi. "Nimenunua kwa jirani, guku, babu yangu, usinilaumu."

"Nimeona. Leta." Akaichukua, akaipaka rangi nyekundu shingo yote na kizibo. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika jina la dawa kwenye mwili wa chupa kwa herufi kubwa. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na rangi ilimdondokea kwenye suruali. "Nyumbani una watoto?"

"Yupo mjukuu. Anatambaa."

"Itundike juu. Na siku mbaya ikitokea, njooni nayo hivi hivi."

"Kiasi gani?"

"Bure."

Mkulima akamtazama, akanitazama mimi, akashindwa kuamua kama anachezewa. Akashukuru akaondoka. Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine watatu na chupa zao, wote wametoka kwa jirani, na yule jirani mwenyewe, mtu mcheshi mwenye kofia ya pama, alikuwa anaita wateja kwa sauti: "Kupimiwa hapa, rangi pale kwa mzee, bure!"

"Mzee," nikasema, "anakuharibia biashara huku wewe unamtangazia."

"Ndiyo. Pamba ikivunwa nafunga, mtaji umeisha." Alisema hivyo bila kunitazama, anaichovya brashi. "Wanataka kupimiwa, na kupimiwa watapimiwa. Hospitali nilikuwa nawangoja. Hapa napata kuishika chupa kabla hajainywa mtu."

Yale maneno niliyokuwa nimeyapanga yalinipotea yote. Nilimtazama anavyopaka kizibo cha mtu asiyemfahamu, ulimi ameutoa kidogo pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, nikajisikia nampenda mzee huyu mgumu kuliko nilivyowahi kumpenda kazini. Basi la Bariadi lilikuwa linapiga honi stendi. Mstari ulikuwa umefika watu saba au wanane, na yeye kwa mkono ule angewamaliza saa ngapi?

Niliweka mkoba wangu juu ya kaunta, nikakunja mikono ya gauni nililovalia harusini, nikachukua kalamu. Mama aliyefuata alinipa chupa ya soda iliyojaa kitu cheupe.

"Ni dawa gani hii, mayu?" nikamwuliza.

"Ya pamba."

"Inaitwaje?"

"Sijui, ng'wanawane, mwanangu. Amenipimia tu."

Nikamwomba anisubiri, nikavuka barabara kwenda kulisoma jina kwenye kopo la jirani.